Kudumu, Kuvumilia, Kustahimili

Wanandoa hufika kwetu wakisema, "Padre, tuliahidi kudumu," nao humaanisha kuvumilia. Tuyatenganishe maneno hayo.

Kustahimili na hamali ni ndugu wa shina moja la Kiarabu, lenye maana ya kubeba: anayestahimili amejitwisha mzigo. Saburi ya Agano Jipya, kwa Kigiriki hypomone, imeundwa kwa maneno mawili, "chini" na "kukaa"; mtu amelemewa, lakini habanduki. Kudumu ni kuendelea kuwapo, na Mtaguso wa Trento ulifundisha mwaka 1547 kwamba kudumu hata mwisho ni zawadi kuu ya Mungu.

Kwa hiyo twasikitika mama anayepigwa anapoambiwa, pengine hata na sisi mapadre, "Vumilia tu, ni msalaba wako." Kinachodumu ni kifungo cha ndoa, si kipigo. Kanuni ya 1153 ya Sheria za Kanisa yampa mwenzi aliye katika hatari kubwa ya roho au mwili haki ya kutengana, kwa idhini ya Askofu. Na ikiwa kukawia ni hatari, aweza kuondoka kwa uamuzi wake mwenyewe. Aondoke, kisha aje tuzungumze akiwa salama.