Ramani Mia Mbili za Bwana Delisle
(Sayari na Watu Wake: Makala ya Nne)

Niliahidi kwamba makala haya ya nne yatahusu Uranus. Itabidi Uranus isubiri. Mwishoni mwa Januari 2025 Shirika la Anga la Marekani, NASA, liliviagiza vikundi vya wanasayansi wa sayari vinavyolishauri visimamishe shughuli zao, ili shirika litimize amri mpya za rais. Ilipofika Mei, Ikulu ya nchi hiyo ikapendekeza bajeti inayokata karibu nusu ya fedha za sayansi za NASA, kutoka dola bilioni 7.3 hadi bilioni 3.9. Kati ya safari zilizopendekezwa kufutwa zilikuwamo mbili za kwenda Zuhura, DAVINCI na VERITAS, zilizochaguliwa Juni 2021 baada ya wanasayansi wa Zuhura kungoja kwa miongo mitatu. Tangu nisome habari hizo akili yangu imekataa kwenda Uranus. Inarudi kila mara kwa Mfaransa mmoja aliyefariki mwaka 1768.

Waliofuatana nami tangu mwanzo wanakumbuka jinsi mambo yanavyokwenda. Kila sayari, au kila jamii ya magimba, ina kikundi chake. Cha Zuhura kilianzishwa mwaka 2005. Vikundi hukutana, hubishana, huandika. Maandiko hayo hupanda hadi kwenye kamati inayotoa ripoti ya muongo, na ripoti ndiyo inayosema nini kitangulie kwa miaka kumi. Ile ya Aprili 2022 ilipokea maandiko zaidi ya 500 kabla ya kuiweka Uranus nafasi ya kwanza na Enceladus, mwezi wa Zohali, nafasi ya pili. Hayo sitayarudia. Leo nataka kuonyesha desturi hii ilitoka wapi, maana wengi wanadhani ilizaliwa pamoja na roketi. Roketi ni mtoto wa juzi. Desturi hii ilizaliwa kwa ajili ya Zuhura, na sehemu kubwa ya ujana wake ilipita katika bahari yetu hii ya Hindi.

Mwaka 1639 Zuhura ilipita mbele ya uso wa Jua, nayo ikaonwa na vijana wawili tu wa Uingereza, Jeremiah Horrocks na rafiki yake William Crabtree. Dunia nzima, watu wawili! Mwaka 1677 Edmond Halley, akiwa bado hajatimiza miaka 21, aliitazama Utaridi ikipita vivyo hivyo kutoka kisiwa cha St Helena, na hapo likamjia wazo ambalo hakuliacha mpaka kufa. Watu wakisimama mbali mbali, kaskazini na kusini, kila mmoja akapima muda ambao sayari inatumia kulivuka Jua, tofauti ya vipimo vyao itatoa umbali wa Jua. (Hesabu yake ni ile ya kidole na macho mawili niliyoieleza katika makala ya pili: kidole huonekana kuhama ukikitazama kwa jicho moja, kisha kwa jingine.) Zuhura ilifaa kuliko Utaridi kwa sababu hupita karibu zaidi nasi. Mwaka 1716 Halley akaandika wito kwa wanafalaki watakaokuwa hai mwaka 1761. Alijua hatakuwapo, kwani angekuwa na miaka zaidi ya mia. Alikufa mwaka 1742.

Hapo ndipo anapoingia Joseph-Nicolas Delisle, ambaye kwangu ndiye mzee wa kazi hii yote, ingawa vitabu vingi humpa mistari miwili. Delisle alifanya kazi St Petersburg kwa zaidi ya miaka ishirini, akajuana kwa barua na karibu kila mtu wa Ulaya aliyekuwa na darubini. Mwaka 1760 alichora ramani ya dunia inayoonyesha ni wapi Zuhura itaonekana ikiingia, ni wapi ikitoka, na ni wapi safari nzima. Ramani hiyo ilifichua kwamba Halley alikosea na kwamba baadhi ya vituo alivyovipendekeza havifai. Delisle aliongeza pia njia yake mwenyewe: mtu akishika vizuri dakika ya kuingia au ya kutoka tu, na akijua longitudo ya mahali aliposimama, kipimo chake kina faida. Kisha akapeleka nakala kama 200 kwa wenzake wa nchi mbalimbali.

Hebu tulitazame jambo hilo kwa utulivu. Delisle hakuwa na mamlaka juu ya hata mmoja wa hao mia mbili, wala hakuwa na hazina ya kuwalipa. Alichofanya ni kuweka swali moja mbele ya watu wote, kuonyesha palipo na pengo, na kumwachia kila mmoja achague pa kusimama. Tena ulikuwa wakati wa vita. Uingereza na Ufaransa zilikuwa zikipigana tangu 1756, barani na baharini, na bahari hizo ndizo ambazo wanafalaki walipaswa kuzipita.

Charles Mason na Jeremiah Dixon, Waingereza, waliagizwa kwenda Bencoolen, Sumatra. Januari 1761, muda mfupi baada ya kung'oa nanga, meli yao ilishambuliwa na manowari ya Kifaransa; watu 11 wakafa na 37 wakajeruhiwa. Waliporudi bandarini waliandika kwamba safari hawaitaki tena. Chama cha Kifalme cha London kikawajibu kwa ukali, kikiwatishia mashitaka. Wakaenda. Bencoolen ilikuwa imekwisha kutekwa na Wafaransa, kwa hiyo waliishia Rasi ya Tumaini Jema, na hapo, tarehe 6 Juni 1761, wakapata vipimo vilivyokuwa miongoni mwa vilivyo bora katika nusu ya kusini ya dunia. Vitisho vile mimi sivipendi. Lakini najua pia kwamba bila kituo hicho cha kusini, kazi ya walio kaskazini ingepungua thamani.

Alexandre-Gui Pingré, Mfaransa, alikwenda kisiwa cha Rodrigues, mashariki ya Mauritius, akiwa na hati ya Waingereza wenyewe ya kuamuru asibughudhiwe. Mawingu yalimnyima sehemu ya tukio, akapima alichojaliwa. Muda mfupi baadaye Waingereza walikivamia kisiwa, hati wakaipuuza, meli wakaichukua, naye akakwama huko kwa miezi kama mitatu.

Halafu kuna Guillaume Le Gentil, na wanaonifahamu wanajua siwezi kumpita kwa haraka. Aliondoka Ufaransa Machi 1760 kwenda Pondicherry, India. Alifika Mauritius, akangoja meli kwa miezi, akapata moja Machi 1761. Nahodha yeyote wa jahazi wa Lamu au Pemba angemwambia kwamba kaskazi ingalipo, asubiri kusi limpeleke India. Hakuwapo wa kumwambia, au hakuulizwa mtu. Pepo zilimzungusha kwa wiki tano katika bahari ya Afrika na Uarabuni, akapita Sokotra, na alipoikaribia pwani ya Malabar akaambiwa Pondicherry imeanguka mikononi mwa Waingereza. Meli ikageuka. Tarehe 6 Juni mbingu ilikuwa safi kabisa, Zuhura ikapita mbele ya Jua, naye yuko juu ya sitaha inayoyumba, ambako saa ya pendulamu haifanyi kazi.

Aliamua kungoja kupita kwa mwaka 1769. Miaka ile minane hakukaa bure: alizunguka Bukini, kama wazee wetu walivyoiita Madagaska, akichora ramani na kuandika habari za nchi. Alikwenda Manila, kisha akaambiwa arudi Pondicherry, ambayo ilikuwa imerejeshwa kwa Wafaransa. Alijenga kituo chake, akajiandaa kwa mwaka mzima. Asubuhi ya siku yenyewe mawingu yakalifunika Jua mpaka Zuhura ikamaliza kupita, ndipo yakafunguka. Manila alikoondoka kulikuwa kweupe. Aliporudi Ufaransa mwaka 1771 alikuta ametangazwa amekufa, kiti chake katika Akademia ya Sayansi amepewa mwingine, na jamaa zake wanagawana mali.

Watu humtaja Le Gentil ili wamhurumie. Mimi humtaja kwa sababu nyingine. Kazi ile haikuvunjika kwa sababu yeye alikosa. Mwaka 1761 walitazama watu wapatao 120 katika vituo zaidi ya 60. Mwaka 1769 watu 151 katika vituo 77, akiwemo James Cook huko Tahiti, na Chappe d'Auteroche aliyefia California ya chini kwa maradhi ya mlipuko baada ya kukataa kuondoka kabla hajapata longitudo ya mahali pake. Mpango uliopangwa na wengi hubeba bahati mbaya ya mmoja. Mwaka 1771 Thomas Hornsby wa Oxford aliviunganisha vipimo vya 1769 akapata umbali wa Jua kuwa maili 93,726,900, yaani takriban kilomita milioni 150.8. Leo tunajua ni milioni 149.6. Tofauti haifiki asilimia moja, kwa vyombo vya shaba na saa za kamba!

Na aliyechelewa kutoa hesabu zake alilipa. Mwanafalaki Maximilian Hell alitazama kupita kwa 1769 kutoka Vardø, kaskazini mwa Norwei, akakawia kuchapisha, na kwa zaidi ya miaka mia akadhaniwa amebuni namba, hadi mwanafalaki Simon Newcomb alipozikagua karatasi zenyewe mwaka 1883 na kumsafisha. Somo hilo, kwamba matokeo yatolewe kwa wakati na kwa pamoja, lilikuwa linajulikana vizuri mawe ya kwanza ya Mwezi yalipogawiwa mwaka 1969. Apollo 11 ilileta kilo 21 na ushei, wachunguzi wakuu zaidi ya 140 wakapewa vipande, na wote wakakubali kutotangaza matokeo kabla ya kukutana Houston, Januari 1970. Nani leo angenyamaza miezi minne na jiwe la Mwezi mezani kwake? Walinyamaza. Mkutano ule haukufa. Wanasayansi wa sayari hukutana Texas kila Machi mpaka sasa, na uzito wake unatokana na ahadi ile ya kwanza iliyotimizwa.

Nilishuhudia kwa macho yangu kwa nini wengi wanahitajika. Tarehe 8 Juni 2004 Zuhura ilipita tena mbele ya Jua, na Afrika Mashariki tuliona yote, kuanzia baada ya saa mbili asubuhi hadi baada ya saa nane mchana. Wakati huo nilikuwa nafundisha fizikia katika shule moja ya sekondari Tanga. Tulifunga darubini ya macho mawili juu ya kiti, tukaliangusha Jua kwenye karatasi nyeupe (asiangalie mtu Jua moja kwa moja, hata siku moja), na wanafunzi wakagawanyika makundi mawili kushika dakika ambayo kidoa cheusi kinaachana na ukingo. Hakikuachana kwa usafi. Kilivutika kama tone la lami linalogoma kudondoka, na makundi yakatofautiana kwa sekunde nyingi. Wakaanza kulaumiana. Niliwaambia kwamba Cook na mwenzake Charles Green, wakiwa bega kwa bega Tahiti, walitofautiana vivyo hivyo, na kwamba kazi yetu ni kuandika namba zote mbili bila kufuta hata moja. Karatasi ile ninayo mpaka leo.

Hapa nina neno kwa vyuo vyetu vikuu. Agosti 2024 Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki, ulioanzishwa mwaka 1919, ulifanya mkutano wake mkuu Afrika kwa mara ya kwanza, na ulifanyika Cape Town, katika rasi ile ile waliyosimama Mason na Dixon mwaka 1761. Miaka 263 ilipita kati ya Afrika kuwa mahali pa kusimamisha darubini za wageni na Afrika kuwa mwenyeji wa baraza. Ni muda mrefu mno, na nasema wazi kwamba sehemu ya ucheleweshaji huo sasa ni yetu. Tunasubiri kualikwa. Baraza la namna hii halimwiti mtu kwa jina. Huingia yule anayeleta andiko, na andiko halihitaji roketi. Linahitaji mtu aliyesoma, aliyekaa na swali lake, na mkuu wa idara ambaye hatamwuliza faida yake ni nini kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza. Delisle alikuwa na karatasi na wino.

Nafasi imebaki ndogo, na habari ya Washington inastahili kubwa. Kukata fedha ni haki ya wenye fedha, na mwenye kuamua ni bunge lao. Kinachoniumiza ni kuzuia watu wasikutane, kwa sababu fedha zikirudi baadaye chombo kinaweza kujengwa upya, lakini watu waliozoea kubishana mpaka wakubaliane wakitawanyika hawarudishwi kwa hundi. VERITAS iliwahi kuahirishwa mwaka 2022, na wanasayansi wa sayari nyingine hawakusherehekea. Waliitetea, kwa kuwa ripoti ya muongo ikivunjwa mahali pamoja hakuna sehemu yake iliyo salama. Mwaka 2025 wakuu saba wa zamani wa sayansi wa NASA, walioteuliwa na serikali za vyama vyote viwili, waliandika barua moja bungeni kuupinga ukataji. Chombo cha mwisho ambacho Wamarekani walikipeleka kwa ajili ya Zuhura yenyewe, Magellan, kiliondoka Mei 1989. Mtoto aliyezaliwa siku hiyo sasa ana watoto wake.

Katika makala yajayo nitakwenda Uranus kweli, na nitaanza na swali nililoulizwa na wasomaji wawili: kwa nini ripoti inataka chombo kiondoke mwaka 2031 au 2032, na Mshtarii ina kazi gani katika safari hiyo.