Bulla Pesa: Tunataka askari zaidi, lakini nani atawauliza maswali?

Chukulia wewe ni mwendeshaji boda hapa Bulla Pesa. Saa nne usiku umembeba abiria kutoka katikati ya mji, mkaingia kichochoro kisicho na taa, na ghafla wenzake wawili wakatokea gizani. Ndani ya dakika mbili pikipiki imeenda, simu imeenda, na ile pikipiki bado unailipia mkopo kila jioni.

Unatembea hadi kituoni. Kwenye kaunta kuna askari mmoja tu. Anakuambia gari liko nje ya mji, wenzake wako doria, rudi asubuhi. Asubuhi unarudi, unaulizwa kama una pesa ya mafuta. Unatoka bila nambari ya OB, na stori inaishia kijiweni: "Karao ni karao tu."

Kisa hiki ni cha kutunga, lakini kijana wa mtaani atakitambua. Ndani yake kuna malalamiko mawili ambayo huwa tunayachanganya. La kwanza, askari hawatoshi. La pili, hata yule mmoja aliyekuwepo hakuna aliyemuuliza kwa nini hakuandika taarifa yako. Tukidai la kwanza na kusahau la pili, tutaletewa askari wengi zaidi wa kutuambia turudi asubuhi.

KAUNTI PANA, MAGARI MACHACHE

Bulla Pesa ni wadi ya mjini katika eneobunge la Isiolo Kaskazini. Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru wanaishi mlango kwa mlango. Barabara kuu ya kwenda Moyale inapita mjini, malori ya mifugo yanashuka kuelekea Nairobi, maziwa ya ngamia yanapakiwa asubuhi na mapema, na miraa inaingia kutoka upande wa Meru. Mji wa njiani huvuta biashara, na penye biashara mwizi naye hakosi.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002 katika kaunti nzima ya Isiolo. Hao hawafiki hata nusu ya wakazi wa Kasarani, Nairobi. Ukiishia hapo utadhani polisi wa Isiolo wana kazi nyepesi. Sasa angalia ramani. Kaunti ina zaidi ya kilomita mraba 25,000, eneo linaloweza kumeza Nairobi zaidi ya mara 35. Kutoka mjini hadi Merti pekee ni safari ya zaidi ya kilomita 200.

Mifugo ikiibwa huko mbali, au risasi zikilia mpakani, askari na magari huelekezwa huko. Hapo ndipo mtaa wa mjini hubaki na askari mmoja kwenye kaunta. Vijijini pengo hujazwa na polisi wa akiba, yaani raia wanaopewa bunduki na serikali kulinda watu wao. Hata hao wamekuwa na misukosuko: mwaka 2019 serikali ilitwaa silaha za polisi wa akiba katika kaunti kadhaa ikidai baadhi zilikuwa zikitumiwa vibaya, kisha miaka iliyofuata ikaanza kusajili wengine.

Tatizo la idadi ni la nchi nzima. Mwaka 2025 mpango wa kuajiri makonstebo 10,000 ulikwama mahakamani kwa sababu ya mvutano kuhusu nani mwenye mamlaka ya kuajiri, Tume ya Huduma ya Polisi au Inspekta Jenerali. Mahakama ilisema kazi hiyo ni ya Inspekta Jenerali, na usajili ukafanyika Novemba mwaka huohuo. Kabla ya hapo, jopo lililoongozwa na aliyekuwa Jaji Mkuu David Maraga lilikuwa limemkabidhi Rais ripoti yake Novemba 2023, likieleza mishahara duni, nyumba mbovu na ufisadi katika kuajiri.

Kwa hivyo askari anayekuambia hana mafuta huenda anasema kweli. Lakini kuandika taarifa yako kwenye OB hakuhitaji hata tone la mafuta.

ENZI AMBAPO SHERIA ILITUNYIMA HATA KUUSHTAKI MKONO ULIOTUPIGA

Wazee wa Isiolo wakinyamaza linapotajwa jina la polisi, wana sababu. Baada tu ya uhuru, wakati wa vita vya Shifta, eneo hili liliwekwa chini ya hali ya hatari. Watu walikusanywa kwenye vijiji vilivyolindwa kwa bunduki, mifugo yao ikatwaliwa au kuuawa. Waborana wa Isiolo huita kipindi hicho Gaafa Daaba, wakati wa kusimamishwa.

Kisha mwaka 1970 Bunge likapitisha Sheria ya Kinga. Ilizuia raia kuwashtaki maafisa wa serikali na wa usalama kwa mambo waliyotenda kati ya Desemba 25, 1963 na Desemba 1, 1967, mradi yawe yalifanywa kwa nia njema katika kazi ya kulinda usalama. Sheria hiyo haikuhusu Kenya nzima. Ilitaja Mkoa wa Kaskazini Mashariki na wilaya nne: Marsabit, Tana River, Lamu na Isiolo.

Soma tena jina la mwisho. Kwa babu yako, kunyamaza hakukuwa woga tu. Hakukuwa na mlango wa kubisha. Na sheria za hali ya hatari zenyewe hazikuondolewa hadi 1991.

Ndiyo maana kijana wa leo anayesema "kuripoti ni bure tu" amerithi jibu la swali la zamani. Mlango sasa upo, tena si mmoja.

KITI CHA VIJANA KIMO KWENYE SHERIA

Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, Tume ya Waki iliwalaumu polisi kwa sehemu ya mauaji yaliyotokea na kupendekeza kuwe na chombo huru cha kuwachunguza. Katiba ya 2010 ikafuata, kisha mwaka 2011 zikaja sheria mbili ambazo kila kijana wa Bulla Pesa anafaa kuzijua.

Ya kwanza ni Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi. Kifungu cha 41 kinasema kila kaunti iwe na Mamlaka ya Polisi ya Kaunti. Mwenyekiti ni gavana au waziri wa kaunti atakayemteua. Wakuu wa polisi wa kaunti wanakaa humo, madiwani wawili wanakaa humo, na pia raia wasiopungua sita kutoka kwa wafanyabiashara, mashirika ya kijamii, wanawake, watu wenye mahitaji maalum, viongozi wa dini, na vijana.

Ndiyo, vijana. Si kwa hisani ya mtu, bali kwa maandishi ya sheria.

Kazi ya chombo hicho ni kufuatilia mwenendo wa uhalifu katika kaunti, kupendekeza polisi waweke nguvu wapi, kuangalia kama malengo yametimizwa, na kuwapa wananchi jukwaa la kusema. Maswali ya kwa nini doria haifiki kwenye vichochoro fulani, au gari la kituo hulala wapi, yana mahali pake rasmi.

Tangu mwanzo mamlaka hizi zimekuwa zikivutwa huku na kule na magavana kwa upande mmoja na serikali kuu kwa upande mwingine, kwa sababu usalama unabaki kazi ya serikali kuu. Ndiyo maana swali la kumuuliza diwani wako ni rahisi na linahitaji jibu la moja kwa moja: mamlaka yetu ilikaa lini mara ya mwisho, na kijana anayetuwakilisha ni nani? Akikosa jina, basi umempa kazi ya kufanya.

IPOA: WANAVYOFANYA NA WASIVYOFANYA

Sheria ya pili ndiyo iliyounda Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, ambayo mwenyekiti wake wa sasa ni Issack Hassan, aliyewahi kuongoza tume ya uchaguzi. IPOA huchunguza vifo na majeraha mabaya yanayosababishwa na polisi, hupokea malalamiko, na hukagua vituo pamoja na seli. Polisi akiua au kujeruhi vibaya, sheria inawalazimu wenyewe waijulishe IPOA mara moja na kulinda ushahidi.

Tuwe wakweli kuhusu mipaka yake. IPOA haitakutafutia pikipiki; hiyo ni kazi ya polisi. Haimfungi mtu pia: ikimaliza uchunguzi hupeleka faili kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na mahakama ndiyo huamua. Safari hiyo ni ndefu, na kesi nyingi huchukua miaka.

Lakini hufika. Agosti 2014, msichana wa miaka 14 alipigwa risasi na polisi nyumbani kwao Kinango, Kwale. IPOA ilichunguza, na Februari 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa ikawapata maafisa wawili na hatia ya kuua bila kukusudia na kuwafunga miaka 7 kila mmoja. Ilikuwa hukumu ya kwanza iliyotokana na kazi ya IPOA. Kinango, kama Isiolo, si mahali ambapo kamera za televisheni hukaa kutwa.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hatulijui: askari mwenyewe anaweza kulalamika IPOA. Na wakaguzi wanapoingia kituoni hutazama pia anakofanyia kazi na anakolala. Konstebo anayeishi kwenye nyumba ya mabati isiyo na maji anahitaji usimamizi wa raia kama wewe unavyouhitaji.

WOGA NI WA KWELI

Hatutakudanganya kuwa kulalamika hakuna hatari. Juni 2016, wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wao wa teksi Joseph Muiruri walitekwa na kuuawa walipotoka mahakamani. Mwenda alikuwa amemlalamikia afisa mmoja wa polisi kwa IPOA. Julai 2022 mahakama iliwapata na hatia maafisa watatu na mpasha habari wao mmoja, na Februari 2023 Fredrick Leliman, afisa aliyelalamikiwa, akahukumiwa kifo.

Funzo lake si kunyamaza. Funzo ni kwamba usilalamike peke yako. Nenda na mwenzako, chama cha boda, imamu, mchungaji au shirika la haki za binadamu. Malalamiko yenye majina kumi ni magumu kuzimwa kuliko yenye jina moja. Ukitishwa, sema mapema, kwa sababu nchi hii ina Shirika la Kulinda Mashahidi.

ANZA NA KALAMU

Rudi kwa yule mwendeshaji boda wetu. Angefanya nini tofauti usiku ule?

Kwanza, asingetoka kituoni bila nambari ya OB. Kuandikisha taarifa ni bure, na fomu ya P3 kwa aliyejeruhiwa ni bure pia. Pili, angesoma kifua cha askari: sheria inamtaka afisa aliyevaa sare awe na jina au nambari ya kazi inayoonekana. Tatu, angeandika tarehe, saa, kituo na maneno aliyoambiwa, papo hapo, kabla hasira haijaongeza chumvi.

Akikataliwa, angemwona OCS. Akikwama hapo, kuna Kitengo cha Masuala ya Ndani cha polisi wenyewe, na kuna IPOA kupitia simu ya bure 1559. Na siku ya baraza la chifu au mkutano wa Nyumba Kumi, chama cha boda kingeleta orodha: pikipiki ngapi zimeibwa mwaka huu, wapi, saa ngapi, na ngapi ziliandikwa OB.

Orodha hiyo ina nguvu mbili. Kamanda akitaka kuongezewa askari au gari, ni ushahidi wake mbele ya wakubwa wake. Asipofanya kazi, ni ushahidi wenu dhidi yake. Karatasi ni ileile moja.

Babu zetu hapa Isiolo walizimiwa midomo kwa sheria yenye jina la wilaya yao ndani yake. Sisi tumepewa sheria yenye neno "vijana" ndani yake. Asubuhi ukirudi kituoni, rudi na kalamu, tena na wenzako.