Ridhaa ya Mgonjwa wa Moyo: Sahihi Pekee Haitoshi

Mgonjwa wa Kibaha au Kisarawe anayehitaji upasuaji wa moyo hupewa rufaa kwenda Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI), iliyoanzishwa mwaka 2015. Kabla ya tiba hutakiwa kutia sahihi au dole gumba kwenye fomu ya ridhaa. Swali la msingi ni hili: je, ameelewa analoliridhia?

Tuchukue mfano wa mwanamke wa miaka 24, mkazi wa Kisarawe, ambaye valvu ya moyo wake imeharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Ikiwa valvu hiyo haiwezi kurekebishwa, hubadilishwa. Valvu bandia ni za aina mbili. Ile ambayo wengi huiita ya chuma hudumu muda mrefu, lakini humlazimu mgonjwa kumeza warfarini maisha yake yote na kupima damu mara kwa mara. Dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Aina ya pili hutengenezwa kwa tishu za ng'ombe au nguruwe. Kwa kawaida haihitaji warfarini ya maisha, ila huchakaa, mara nyingi baada ya miaka 10 hadi 15, na kwa vijana huwahi zaidi. Ndipo upasuaji wa pili huhitajika.

Basi uamuzi huu hauhusu moyo tu. Unagusa uzazi, nauli ya kwenda kupima damu, na hata imani, kwani wapo wasioridhia tishu ya nguruwe. Mambo hayo daktari hawezi kumwamulia mgonjwa. Na mgonjwa naye hawezi kuyaamua asipoelezwa.

Maelezo yasisubiri usiku wa kuamkia upasuaji. Yaanze pale rufaa inapoandikwa, iwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi au Hospitali ya Wilaya ya Kisarawe, ili mgonjwa apate siku za kutafakari na kushauriana na jamaa zake. Jamaa hushauri, mwenye kuamua ni mgonjwa mzima mwenye akili timamu. Kwa mtoto, mzazi au mlezi huridhia, lakini mtoto naye aelezwe kwa kadiri ya umri wake.

Mhudumu asiulize, "Umeelewa?" Wengi hujibu "ndiyo" kwa heshima. Amwombe mgonjwa aeleze kwa maneno yake mwenyewe atakachofanyiwa, faida zake na hatari zake. Akikosea, aelezwe upya bila kukaripiwa.

Nawe mgonjwa, uliza: Nina tatizo gani? Kuna tiba gani nyingine? Hatari yake ni ipi? Nisipotibiwa itakuwaje? Nitatumia dawa gani baadaye, na nitapimwa wapi? Una haki ya kubadili uamuzi kabla tiba haijaanza, na kukataa kwako kusikunyime huduma nyingine unazohitaji.