Dalali Akila Hisa Zako, Uende Wapi?

Hisa ni sehemu ya umiliki wa kampuni. Ukinunua hisa, nawe ni mmoja wa wenye kampuni. Mwaka 2009 benki ya CRDB iliuza hisa kwa shilingi 150 kila moja, na watu wa kawaida walinunua. Lakini kuziuza tena kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam huendi mwenyewe. Unapitia kwa dalali mwenye leseni.

Tuseme mama mmoja wa Ngarenaro, muuza ndizi soko la Kilombero, ana hisa 1,000. Anamwambia dalali: "Niuzie 300, nilipe ada ya mtoto." Siku zinapita. Akiuliza, anaambiwa njoo kesho. Mwishowe anagundua kumbe zote 1,000 zimeuzwa, na hela hajaiona. Afanye nini?

Kwanza asiende kugombana. Amwandikie dalali barua, ataje tarehe na idadi ya hisa, abaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Jamani, nakala hiyo ni mali! Bila karatasi atakukana mchana kweupe.

Asipojibiwa, apeleke malalamiko Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Hiyo ndiyo inayowapa madalali leseni, na ndiyo inayoweza kuwanyang'anya.

Kama saini imeghushiwa au fedha zimeliwa, hiyo ni jinai. Aende polisi. Hapa wengi wanakosea: wanadhani dalali akifungwa, basi hela imerudi. Hapana. Kesi ya jinai ni ya kumwadhibu mkosaji, ingawa mahakama inaweza kuamuru fidia. Kudai hela yenyewe ni kesi ya madai. Na madai ya mkataba yana miaka 6 tu, kwa Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971. Ikipita, mlango umefungwa. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili awatafute wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017.

Jirani zetu wa Kenya yaliwakuta. Mwaka 2008 kampuni ya udalali ya Nyaga ilishindwa kuwalipa wateja, ikawekwa chini ya msimamizi. Mfuko wa kufidia ulilipa, lakini si zaidi ya shilingi 50,000 za Kenya kwa kila mtu. Aliyepoteza laki tatu naye alipata hizo hizo.