Subaru la zamani: oili gani, matairi gani?

Jioni za wikendi, kuanzia Nyali hadi Mtwapa, Subaru Impreza WRX utalisikia kabla hujaliona. Gari hili lina wapenzi wake Pwani na Kenya nzima, wala si ajabu: mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally akiwa ndani ya Impreza. Lakini mengi ambayo vijana wetu wanayamudu leo ni ya mwanzo wa miaka ya 2000, yameshapita mikono mitatu minne, na pesa za mnunuzi huishia kwenye rimu na bomba la moshi lenye makelele. Oili na matairi huambiwa yangoje. Hapo ndipo injini hufa, na mara nyingine watu nao.

Tuanze na oili. Kwenye mtungi utaona maandishi kama 5W-30. Nambari yenye W yaonyesha jinsi oili inavyotiririka injini ikiwa baridi. Ya pili ni uzito wake injini ikishapata moto, kwenye nyuzi 100. WRX lilitoka kiwandani likipendekezewa 5W-30. Kwa injini iliyokwisha kutembea sana, katika joto letu hili na foleni zetu, mimi ningechagua 5W-40 ya sinthetiki. Turbo lake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachozuia chuma kisisage chuma ni utando mwembamba wa oili tu. Oili duni huungua humo na kuacha masizi yanayoziba njia zake.

Kuna desturi ya kumimina 20W-50 ili gari liache moshi. Ni kweli vitabu vya baadhi ya Subaru huruhusu oili nzito namna hiyo kwa kazi ngumu kwenye joto kali, kama kuvuta trela. Lakini moshi wa buluu maana yake oili inaungua pamoja na petroli, imepenya kwenye ringi, sili za valvu au turbo lenyewe. Oili nzito huuficha moshi kwa muda, ugonjwa ungalipo. Muuzaji akikwambia gari lake latumia nzito peke yake, muulize kwa nini.

Injini hizi pia zinajulikana kwa kunywa oili, na zinachukua lita nne na kitu tu, kwa hiyo lita moja ikipungua ni pengo kubwa. Chomoa kijiti cha kupimia kila unapojaza petroli. Badilisha oili na filta yake kila kilomita 5,000. Nunua kwa wakala anayejulikana, na mtungi ukiisha utoboe, maana mitungi mitupu hujazwa tena ikauzwa.

Sasa matairi, ambako hasara kubwa huingia kimyakimya. Subaru hili huvuta kwa magurudumu yote manne, na katikati lina difu inayogawa nguvu mbele na nyuma. Difu hiyo inataka matairi manne yanayolingana. Subaru hutaka tofauti ya mzingo kati ya tairi na tairi isizidi takriban milimita 6. Sasa piga hesabu: tairi jipya lina meno ya kama milimita 8, lile la zamani limebakiwa na 3. Tofauti ni milimita 5 tu kwa macho, lakini kwenye mzingo ni zaidi ya sentimita 3. Ukibadilisha mawili ya mbele na kuacha ya nyuma yaliyolika, difu inasuguana safari nzima, inapata moto, mwishowe inakwama. Akiba ya matairi mawili imekula difu. Bora ungoje mwezi mmoja ununue manne kwa pamoja, ya kampuni moja na aina moja.

Saizi isome kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Mathalan 205/55R16 91V: upana milimita 205, kimo cha ubavu asilimia 55 ya upana huo, rimu ya inchi 16, 91 ni kilo 615 kwa kila tairi, na V ni spidi ya hadi kilomita 240 kwa saa. Usishuke chini ya herufi ya kiwandani, hata kama huna nia ya kukimbia.

Matairi yaliyotumika kutoka Japani yanang'aa, na meno yamejaa. Tafuta tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira hukauka kwa umri na jua hata tairi likikaa dukani, na tairi gumu halishiki lami iliyolowa. Likipita miaka mitano, mimi silinunui. Yale ya mashindano, yenye mifereji michache, yaachwe huko huko mashindanoni. Mvua ya Mei ikijaza maji barabarani, hayana pa kuyapitisha.

Upepo upimwe asubuhi gari likiwa baridi, kwa kipimo, si kwa kulipiga tairi teke.