Jino la skrubu halitoboki, lakini ufizi wake huugua

JE, una jino la bandia lililoshikiliwa na skrubu ndani ya taya? Huenda unadhani kwamba kwa vile jino hilo haliwezi kutoboka, umeagana na daktari wa meno. Sivyo, msomaji.

Skrubu hizo hutengenezwa kwa titani, madini ambayo mtaalamu wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, aligundua katika miaka ya 1950 kwamba hushikamana na mfupa. Alimpandikizia mgonjwa wa kwanza mwaka wa 1965. Jino kama hilo laweza kudumu miaka mingi. Hata hivyo, ufizi haulishiki kwa nguvu kama unavyoshika jino la kuzaliwa nalo, na viini vikipenya hufika mfupani kwa urahisi zaidi.

Viini hujenga utando unaonata kwenye skrubu. Mwanzoni ufizi huwa mwekundu, huvimba na kutokwa na damu unapopiga mswaki. Katika hatua hii ugonjwa watibika. Ukipuuzwa, usaha hutoka, mfupa huliwa na mwishowe skrubu hulegea. Mfupa ulioliwa haurudi kwa urahisi. La hatari ni kuwa haya yote yaweza kutokea bila maumivu.

Wagonjwa wengi hutuomba sisi madaktari wa kawaida tembe za kuua viini. Tembe peke yake hazitoshi. Dawa husafiri katika damu, ilhali viini vimejikinga ndani ya utando ulioganda juu ya skrubu, mahali pasipopita damu. Ni kama sufuria yenye masizi: kuimwagia maji tu hakusaidii, sharti isuguliwe.

Daktari wa meno hupima kina cha mwanya ulio kati ya ufizi na skrubu, na hupiga picha ya eksirei kuona hali ya mfupa. Kisha hukwangua utando kwa vifaa maalumu, kama vile vya titani au plastiki, kwa sababu vile vya chuma cha pua huweza kuacha mikwaruzo ambamo viini hujificha tena. Wengine hutumia mashine inayopuliza maji na unga laini. Ikiwa mfupa umeharibika, huenda akakutia ganzi, akapasua ufizi, akasafisha skrubu akiiona kwa macho, halafu akashona.

Walio hatarini zaidi ni wavutaji sigara, wenye kisukari kisichodhibitiwa, na waliong'oka meno kwa sababu ya ugonjwa wa ufizi.

Nyumbani, piga mswaki laini mara mbili kwa siku na usafishe kandokando ya jino hilo kwa kiburashi chembamba cha kupitisha katikati ya meno. Usilichokoe kwa njiti ya kiberiti. Kusukutua kwa maji ya chumvi hakuondoi utando. Nenda ukapimwe kila baada ya miezi 3 hadi 6, kama daktari wako atakavyoamua.

Na ukiona damu kwenye mswaki, usingoje maumivu. Nenda wiki hiyo hiyo.