Manowari Błyskawica ya Polandi na Utumishi Wake

Kiswahili hutumia neno moja, manowari, kwa kila merikebu ya vita. Na neno lenyewe asili yake ni Kiingereza. Lakini kwa watu wa kazi hiyo jina moja halitoshi. Iko manowari kubwa yenye ngozi nene ya chuma, na iko ile nyepesi, nyembamba, yenye mwendo mkali, ambayo kwanza iliundwa kuwinda mashua za topido, na baadaye ikapewa kazi ya kuwinda nyambizi na kulinda misafara ya meli za shehena. Błyskawica ni ya aina hii ya pili.

Polandi ilipopata tena uhuru wake mwaka 1918 ilipewa kipande kifupi tu cha pwani ya Bahari ya Baltiki. Hata kufika 1939 ilikuwa na manowari nyepesi nne, zote zimeundwa ng'ambo: Wicher na Burza huko Ufaransa, Grom na Błyskawica huko Uingereza. Majina hayo ni ya hali ya hewa. Wicher ni upepo mkali, Burza ni dhoruba, Grom ni ngurumo ya radi, na Błyskawica ni umeme umulikao mawinguni. Kwa hiyo mbili zilizoundwa Uingereza, ambazo ni mapacha, ziligawana sauti ya radi na mwanga wake.

Błyskawica iliundwa na kiwanda cha J. Samuel White katika mji wa Cowes, Kisiwa cha Wight. Ilishuliwa Oktoba 1936 na kuanza utumishi Novemba 1937. Urefu wake ni mita 114, uzito wake tani 2,000 na ushei, na mitambo yake ya mvuke yenye nguvu za farasi 54,000 iliweza kuisukuma maili za bahari 39 kwa saa. Mizinga yake saba ya milimita 120 ilikuwa ya namna ya Kiswidi.

Vita vilipokaribia, wakuu wa Polandi walikabiliwa na swali gumu. Manowari hizo zikibaki Gdynia, ndege za Kijerumani zingezikuta ndani ya bahari finyu isiyo na pa kujificha. Zikiondoka, wananchi wangesema zimekimbia. Tarehe 30 Agosti 1939 Błyskawica, Grom na Burza zikaamriwa kwenda Uingereza, na zilikuwa njiani Ujerumani ilipoivamia Polandi tarehe 1 Septemba. Jioni ya siku hiyo zikafika Leith, Uskochi. Wicher ilibaki kulinda pwani, na tarehe 3 Septemba ikazamishwa na ndege bandarini Hel. Jibu la swali lile lilipatikana kwa siku tatu, ingawa si jibu la kumfariji baharia aliyeacha jamaa zake Gdynia.

Grom ilizamishwa na ndege karibu na Narvik, Norwe, tarehe 4 Mei 1940, na watu 59 wakafa. Błyskawica nayo ilikuwako Norwe, kisha Dunkirk. Mwishoni mwa 1941 ikabadilishiwa silaha: mizinga ya Kiswidi, ambayo haikuweza kuelekezwa juu vya kutosha, iliondolewa, ikawekwa minane ya Kiingereza ya milimita 102. Mzinga mpya ulikuwa mdogo, lakini uliweza kupiga ndege. Katika habari za manowari mabadiliko kama haya hutajwa kwa mstari mmoja na kupitwa. Hapa ndiyo yaliyookoa mji.

Usiku wa tarehe 4 kuamkia 5 Mei 1942, miaka miwili kamili baada ya Grom kupotea, Błyskawica ilikuwa Cowes ikitengenezwa katika kiwanda kile kile kilichoiunda. Kanuni zilitaka manowari iliyo katika matengenezo iondolewe risasi zake. Nahodha wake, Wojciech Francki, alihakikisha mizinga yake ina cha kupiga. Ndege za Kijerumani zilipoushambulia mji kwa mafungu mawili, mizinga ilipiga mpaka ikawa moto, ikamwagiwa maji, ikapiga tena. Na moshi uliotolewa makusudi ukafunika mto na viwanda. Watu wengi wa Cowes walikufa usiku ule, lakini wenyeji wamesadiki tangu hapo kwamba bila Wapolandi wangalikufa wengi zaidi.

Mwaka huo huo, mwezi wa Novemba, ilipigwa na ndege nje ya Bougie, Aljeria. Mapigano ya Juni 1944 karibu na Ushant, ambayo vitabu hupenda kuyasimulia, hayakuwa saa yake bora: kundi lake liligeuka kukwepa topido na likachelewa kurudi vitani. Thamani yake yafaa itafutwe katika misafara iliyoilinda, mwaka baada ya mwaka.

Ilirudi Gdynia Julai 1947, miaka minane karibu tangu iondoke. Mabaharia wengi wa zamani hawakurudi nayo, kwa kuwa serikali iliyokuwa Warszawa haikuwa ile waliyoiapia. Mwaka 1967 mvuke ulipasua bomba ndani yake ukawaua mabaharia saba, na safari zake zikakoma. Wakati huo Burza ilikuwa ndiyo makumbusho huko Gdynia. Tarehe 1 Mei 1976 Błyskawica ikachukua nafasi hiyo, na Burza ikavunjwa mwaka uliofuata.